Tulilinda Barabara, Moto Ukatoka Bondeni

Uvumi niliupata kwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wangu wa mahindi, nasubiri zamu. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha juu akasema, "Mmesikia? Kuna gari jeupe linazunguka vijijini. Linawasha misitu."

"Linawasha kwa nini?" nikauliza.

"Miti ikiungua bei inaanguka. Tajiri anakuja kununua kwa bei ya kutupa. Wanasema ni yule Himmat wa Iringa mjini, anayenunua mbao."

"Nani kamwona?"

"Watu."

Nilirudi nyumbani na unga wangu kichwani, lakini lile neno nalo nikarudi nalo. Nasonga ugali, nalifikiria. Napalilia, nalifikiria. Nikisikia gari linanguruma mbali, naacha kazi na kuangalia mlimani kama kuna moshi. Nina mtoto wa kike anayekwenda kuni kule juu. Mama yeyote atanielewa.

Mimi ni Mama Blessing, mkulima wa Ihanzula, kijiji cha milimani huku Iringa. Nilisoma mpaka darasa la saba, basi. Sijui kupamba maneno. Naandika kwa sababu kile tulichokiogopa sicho kilichotuunguza. Kilichotuunguza kilikuwa karibu, na tulikuwa tunacheka nacho kila siku.

Kwanza uelewe kijiji kilivyokaa. Nyumba zetu ziko upande mmoja wa bonde. Chini kuna kijito. Kando ya kijito tunalima vinyungu, yaani zile bustani za kiangazi. Mvua zikikatika, tunakula mboga na maharage ya vinyungu. Ng'ambo ya kijito kuna mlima, na mlima ule wote ulikuwa miti ya paini. Kila familia ilikuwa na kipande chake. Kwetu mtu akizaa mtoto anapanda paini, ili mtoto akikua na miti iwe imekua. Paini zetu zilikuwa na umri mmoja na Blessing. Yeye alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi ule wa tisa. Tulikuwa tunasubiri matokeo.

Mume wangu anaitwa Filemoni. Mdogo wake, Aroni, alikuwa jirani yetu. Aroni alikuwa mgema wa ulanzi, pombe inayotoka kwenye mianzi. Masika yakifika anakata machipukizi ya mianzi, anatega vikombe, na asubuhi anakusanya. Watu walimpenda Aroni. Ukipita kwake umenuna, utaondoka unacheka.

Aliyekuwa akichekwa zaidi na Aroni ni Mzee Anyelwisye. Mzee huyu ni Mnyakyusa, kwao ni Mbeya. Alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba kubwa la miti, katika kikosi cha kuzima moto. Alioa kwetu, akabaki. Ana kipande chake cha paini katikati ya mlima. Kila kiangazi alikuwa anachukua jembe na kuchimba nyasi zote kuzunguka kipande chake, mpaka udongo mtupu unabaki. Njia pana, hata ng'ombe kumi wangepita pamoja. Yeye aliita barabara ya moto. Sisi tuliita wazimu wa mzee.

"Shikamoo, Mzee wa Ufagio!" Aroni alikuwa anamwita.

"Marahaba, Mzee wa Kibiriti."

"Leo umefagia msitu mpaka wapi?"

"Nimefika karibu na ulevi wako. Huo ndio umenishinda kufagia."

Blessing wakati mwingine alikuwa anamsaidia mzee kulima ile njia. Siku moja alimwuliza, "Babu, sasa moto ukija utaogopa udongo?"

Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, moto unakula. Nyasi ni chakula chake, majani makavu ni chakula chake. Hapa hakuna cha kula. Ukifika hapa, utatafuta, utakosa, utapita. Siku moto ukikukuta huku juu, usikimbie hovyo. Njoo ulale hapa, uso chini."

Blessing alinisimulia akicheka. Nami nilicheka. Tulicheka wote.

*

Uvumi ulipozidi, kijiji kilifanya mkutano. Aroni ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Tukae tu, tusubiri kuunguzwa?" alisema. "Tuweke kizuizi barabarani. Gari lolote la kigeni lisimame. Vijana wapeane zamu mchana na usiku."

Mzee Anyelwisye akanyoosha mkono. "Ni vizuri kulinda. Lakini mwezi huu wa kumi kila kitu kimekauka. Mimi naona hao vijana wangelima barabara ya moto chini ya mlima, pale kijito kinapopakana na nyasi. Akija mchomaji, asije mchomaji, itatusaidia."

"Mzee, tukilima sisi, gari jeupe litakamatwa na nani? Na majembe?" Aroni akasema. Mkutano mzima ukacheka.

Basi kukawekwa kizuizi. Mti mmoja ulilazwa barabarani, na wanaume wakakaa pale na mapanga. Filemoni naye aliingia zamu. Ule mpaka wa kijito na nyasi ukabaki vilevile. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, zimekauka, ukizipita zinalia kama karatasi.

Jumamosi moja asubuhi nilimtuma Blessing kuni. Kwa kawaida alikuwa anaenda upande wa barabarani, ni karibu. Aroni alikuwa kwenye mianzi yake kando ya kijito. Akamwita.

"We Blessing! Unakwenda wapi?"

"Kuni, baba mdogo."

"Usiende kule barabarani. Lile gari likikukuta peke yako, je? Vuka hapa, panda huku kwetu juu. Huku hakuna mtu mbaya anayefika."

"Sawa, baba mdogo."

"Ukirudi uniachie mbili tatu, nichemshe chai."

"Wewe na chai wapi na wapi!"

Aroni alicheka mpaka akashika mwanzi. Blessing akavuka kijito na kupotea kwenye paini. Mimi nilikuwa kwenye kinyungu changu, jirani tu, nikaona moyo umetulia. Nikasema afadhali, mtoto yuko upande wetu.

Jua likapanda. Aroni alikuwa anakwangua majani makavu ya mianzi na kuyarundika chini ya mashina. Mzee Anyelwisye akapita na jembe begani, akasimama.

"Kamwene, Aroni. Hayo majani unataka kuyafanyaje?"

"Kamwene, mzee. Nachoma. Mianzi ukiichoma chini inatoa machipukizi manene. Mvua zikija tunagema. Babu alichoma, baba alichoma."

"Babu yako hakuwa na paini pale mlimani. Pale palikuwa na ng'ombe, nyasi zimeliwa. Moto wake ulikuwa unatoka hapa unakwenda wapi? Leo angalia mwenyewe."

"Hapa ni bondeni, mzee. Maji haya hapa. Moto utaogelea?"

"Hautaogelea, utaruka. Mwanzi una vyumba ndani, vimejaa hewa. Ukipata moto unapasuka na kurusha makaa. Upepo wa mchana nao umeanza. Ndugu yangu, fukia hayo majani kwenye kinyungu, yatakuwa mbolea. Kama lazima uchome, mwambie mwenyekiti wa kitongoji, tafuta watu, ngoja siku isiyo na upepo."

Aroni akamshika mzee begani, kwa upendo kabisa. "Nenda kafagie msitu wako, mzee wangu. Wanaochoma misitu tunawavizia kule barabarani."

Mzee akatikisa kichwa. Hakwenda mbali. Alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya kinyungu changu, anaangalia.

*

Moto ulianza kidogo, kama wa kuchoma mahindi. Aroni alikuwa anauzunguka na tawi bichi mkononi. Ndoo yake ya maji ilikuwa pembeni. Nataka msomaji ujue kwamba hakuwa mzembe. Alifanya kama alivyomwona baba yake anafanya.

Mara tukasikia *pa!* Kama bunduki. Tena *pa! pa!* Mianzi mikavu ilikuwa imeshika. Kila ikipasuka, vipande vinavyowaka vilipaa juu, na upepo ukavichukua. Kimoja kilianguka kwenye maji kikazima. Kingine kilianguka kwenye maji. Kingine kikaanguka ng'ambo.

Aroni aliruka ndani ya kijito, akavuka, akapiga zile nyasi na tawi. Alipiga hapa, moto ukatokea pale. Mimi nilikimbia na beseni langu la maji. Mzee alikimbia na jembe. Tulikuwa watu watatu. Wanaume wote wenye nguvu walikuwa barabarani wanalinda.

Nyasi ziliwaka, moto ukapanda. Sijawahi kuona kitu kinapanda mlima haraka hivyo. Ulipofika kwenye paini, kukatoka sauti kama mvua kubwa inayokuja juu ya mabati. Majani ya paini yana mafuta. Moto haukubaki chini tena, ulipanda ukashika vichwa vya miti.

Aroni alisimama wima. Uso wake sitausahau. Akasema neno moja, "Blessing."

Akaangusha tawi na kuanza kukimbia, moja kwa moja, kwa njia ile ya miguu inayopanda.

"Aroni!" Mzee alipiga kelele. "Usipande mbele ya moto! Zunguka! Aroni, zunguka!"

Hakugeuka. Nami nikaanza kukimbia nyuma yake. Mzee alinikamata mkono, tukaanguka wote chini.

"Niache! Mwanangu yuko juu! Niache, mzee!"

"Ukipanda sasa, tutazika wawili. Moto ukipanda mlima unamshinda mtu mbio. Joto lake linatangulia, linakausha miti ya mbele, inawaka kabla moto wenyewe haujafika. Sikiliza. Tutapita kwenye shamba la viazi, pale udongo ni mtupu. Tutapanda nyuma ya moto, kwenye palipokwisha kuungua. Moto haurudi kula sahani tupu."

"Na Blessing?"

Aliokota jembe lake. Akasema, "Ile barabara yangu anaijua."

Alilowesha kitenge changu kwenye kijito, akanifunga puani na mdomoni. Akanikagua mwilini kama mtoto. Sweta langu la nailoni akalivua. "Hili linayeyuka, linaganda kwenye ngozi," akasema. Tukaenda.

Filemoni na wenzake waliona moshi, wakaja wanakimbia. Walikuja na mapanga na marungu ya kumpiga mtu. Hakuna hata mmoja aliyekuja na jembe.

Kungoja ndiko kugumu. Tulikaa pembeni mwa viazi mpaka mzee aliposema, "Sasa." Tulipanda juu ya majivu. Ardhi ilikuwa inachoma kupitia kandambili. Mashina yalikuwa bado yanatoa moshi. Nilikuwa naita jina la mwanangu.

Kipande cha Mzee Anyelwisye kilikuwa kimesimama, kijani, peke yake kwenye mlima mweusi. Na kwenye ile njia ya udongo, ile tuliyoicheka, mtoto wangu alikuwa amelala kifudifudi, kitenge kichwani.

Niliogopa kumgusa. Filemoni ndiye aliyemgeuza. Akakohoa.

Nywele za nyuma zilikuwa zimeungua. Mkono wa kushoto ulikuwa umebabuka. Alinitazama, akasema, "Mama, baba mdogo alikuwa ananiita. Nilimsikia. Nilishindwa kuitika, moshi uliniziba."

Aroni tulimkuta juu zaidi, kwenye njia. Alikuwa amempita mtoto bila kumwona. Moto ulimuua bado anapanda, anamtafuta.

*

Mlima uliwaka mpaka ukamaliza. Moto ulivuka upande wa pili, ukala mashamba ya kijiji cha jirani na mizinga yao ya nyuki. Nyumba za watu ziliungua, na ghala la mbegu.

Wanyama nao. Watu husahau kuwataja wanyama. Kima walishuka kijijini, wamekaa juu ya paa la kanisa, kimya, watoto wao wamewakumbatia tumboni. Siku nyingine tungewafukuza kwa mawe. Mbawala mmoja aliingia uani kwetu, kwato zimeungua, akasimama kando ya ndoo ya maji. Mbwa hakubweka. Kijana mmoja akainua rungu ili apate kitoweo, Paskalina, mke wa Aroni, akamwambia, "Mwache anywe." Alikunywa, akalala pale pale, na asubuhi alikuwa amekufa. Juu mlimani nilimwona kinyonga amekauka kwenye tawi, miguu bado imeshika. Yeye mwendo wake mnaujua. Angekimbilia wapi?

Tulimzika Aroni. Watu wakiwa bado wamekaa msibani, tukasikia gari. Lori la Fuso la kubebea mbao, na mbele yake gari dogo. Gari dogo lilikuwa jeupe.

Alishuka Mzee Himmat, mfanyabiashara wa Iringa mjini, yule wa uvumi. Ni mzee mwembamba, anatembea na mkongojo. Ndani ya Fuso kulikuwa na mablanketi na magunia ya unga. Hakuna aliyeyaangalia. Vijana walikuwa wameshasimama.

"Amekuja kununua majivu!"

"Huyu ndiye aliyemuua Aroni!"

"Ashushwe dereva! Lichomwe hilo gari, naye aonje!"

Mzee Himmat alisema, "Wanangu, nimekuja msibani. Aroni nilimjua hajaoa. Mimi naishi kwa miti yenu. Mlima ukiisha nitauza nini, mkaa? Mti ulioungua unaua misumeno yangu, mbao zake hazina mnunuzi." Lakini hakuna aliyemsikiliza. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe.

Mimi nilijua ukweli. Mzee Anyelwisye alijua. Filemoni nilikuwa nimemwambia. Lakini utasemaje ubaya wa marehemu mbele ya kaburi bichi? Mzee alinitazama, nami nikamtazama. Yeye ni mtu wa Mbeya, akisema watamgeukia. Nikainuka.

Kabla sijafungua mdomo, Paskalina akatoka ndani. Mfiwa kwetu hatoki ovyo. Watu wakampisha. Alitembea mpaka katikati ya vijana na lile gari.

"Jumamosi asubuhi Aroni aliniomba kibiriti," akasema. "Nilimpa mimi. Kilitoka jikoni kwangu. Alichoma majani ya mianzi, moto ukamshinda. Mlimani alipanda kumfuata Blessing, na alikufa anamwita. Huyo ndiye mume wangu, mwenye mema yake na kosa lake. Msimwongezee marehemu damu ya mtu mwingine."

Filemoni akaenda akasimama karibu naye. "Ni kweli," akasema. "Moto umetoka kwetu. Tulikuwa barabarani tunamvizia mgeni, na nyumbani kibiriti kinawashwa."

Jiwe lilianguka chini. Tulisikia lilivyoanguka. Kisha Mzee Himmat alimsogelea Paskalina, akavua kofia, akampa pole. Vijana walewale wakashusha unga.

*

Matanga yalipokwisha, Mzee Anyelwisye hakumcheka mtu. Alichukua jembe, akashuka mpaka kijito, akaanza kulima ule mpaka wa nyasi. Peke yake, kama kawaida. Filemoni akamfuata. Paskalina akafuata. Mwisho kijiji kizima kilikuwa kinalima, kuanzia kijitoni mpaka mgongoni mwa mlima.

Bwana misitu wa kata alikuja akatuongezea maarifa. Alisema tulime barabara ya moto mapema, mvua zikiisha, nyasi zikiwa bado na ubichi. Alisema anayetaka kuchoma chochote apate kwanza ruhusa, na majirani wajue. Alituonyesha pia kwamba moto ukizimwa haujafa. Shina la mti linaweza kuendelea kuungua chini kwenye mizizi, juu huoni kitu, baadaye upepo ukauamsha.

"Utajuaje umekufa?" Paskalina akauliza.

"Mwaga maji, koroga na udongo, mwaga tena. Kisha sogeza mgongo wa mkono taratibu karibu na pale. Ukisikia joto, bado."

Kuhusu mianzi tulikubaliana. Mikavu inakatwa, inapasuliwa, inatumika kujengea uzio. Majani yanafukiwa kwenye vinyungu. Paskalina ndiye aliyeanza. Mboga zake mwaka uliofuata zilinona kuliko zetu zote, na mianzi ilitoa machipukizi vilevile bila moto. Alisimama akaiangalia kwa muda mrefu. Akaniambia, "Dada, angekuwepo angesema mimi ndiye mchawi." Tukacheka, kisha tukalia.

Mwaka huo wa pili moto ulikuja tena. Ulitoka mbali, nyuma ya mlima, hatukujua nani kauwasha. Safari hii kengele ya kanisa iligongwa. Watu walikuja na majembe, mafyekeo na matawi mabichi. Watoto na wazee walipelekwa kwenye shamba la viazi, penye udongo mtupu, wakahesabiwa. Hakuna aliyepanda mbele ya moto. Ulifika kwenye barabara yetu ya moto pale mgongoni mwa mlima, ukahangaika, ukapungua, tukaumaliza kwa udongo. Miche yetu mipya ya paini ilibaki imesimama. Asubuhi yake nilisikia kima wanaita kwenye miti ya mzee. Sikuwa nimewasikia tangu siku ile.

Blessing yuko sekondari sasa. Mkono wake una kovu kuanzia kiwiko mpaka vidole. Akirudi likizo anakwenda kwanza kwa Mzee Anyelwisye, wanalima ile njia. Siku hizi hakuna anayemwita Mzee wa Ufagio. Yeye mwenyewe anasema anamkumbuka aliyekuwa anamwita hivyo.

Na nyumbani kwetu kuna jambo tunalofanya kila jioni ya kiangazi. Kabla ya kula, Filemoni anauliza, "Leo nani kawasha moto, na wapi?" Kila mtu anajibu, hata kama ni jiko tu la kuchemshia maji. Kisha mmoja anaenda kuangalia.

Haya ndiyo ya kuepuka. Ukishindwa kukumbuka hadithi yangu, kumbuka haya.

Usichome shamba, majani wala takataka mchana wa upepo.

Usichome bila ruhusa, wala ukiwa peke yako.

Usiamini kwamba bondeni ni salama kwa sababu kuna maji. Cheche haziogelei, zinaruka.

Usichome chini ya mianzi.

Usiache nyasi ndefu zigusane na nyumba, ghala au miti yako.

Usiuache moto wa mkaa, wa kurina asali au wa kufukuza panya kwa sababu tu huoni moshi. Mwaga maji, koroga udongo, pima na mgongo wa mkono.

Usitupe kipande cha sigara njiani.

Usikimbie kupanda mlima mbele ya moto. Kaa kwenye udongo mtupu au palipokwisha kuungua, lala uso chini, jifunike nguo ya pamba. Usivae nailoni.

Usimfuate mtu ndani ya moto, hata awe mwanao. Zunguka. Hili ni gumu, najua.

Usimpige mnyama aliyekimbilia kwako. Mpe maji.

Na usimtafute mchomaji barabarani kabla hujauliza nyumbani kwako kibiriti kiko wapi.